Betri ya Pili ya Gari la Shamba

Ndugu wafanyakazi, gari la shamba likigoma kuwaka usiku kwa sababu taa na redio ya mawasiliano zimemaliza betri, anayelaumiwa ni dereva. Mara nyingi kosa ni la mnunuzi wa vifaa.

Betri ya kuwashia injini ina sahani nyembamba. Hutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, na ikikaushwa mara kwa mara hufa upesi. Kazi ya taa na redio yataka betri ya sola, yenye sahani nene, nayo isitumiwe kupita nusu. Vifaa vinavyokula ampea 5 kwa saa 10 humaliza ampea-saa 50. Basi inunuliwe ya 100.

Betri hizo mbili zisiunganishwe kwa waya peke yake. Iwekwe rilei, izikutanishe injini ikinguruma na kuzitenga injini ikizimwa. Fyuzi ikae karibu kabisa na kila betri, kwani waya ukichunika na kugusa bodi, gari huwaka moto. Fremu ya chuma ya kuishika betri hata fundi wa Katwe ataichomelea. Njia zetu mnazijua.

Betri ya maji ya asidi isiwekwe wanapoketi watu. Ikichajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Hilo kamati za matawi zilidai kwanza.