HOMA SI JINA LA UGONJWA

Mtu wa Ruponda akiamka na mwili wa moto, kichwa kikimgonga na viungo vikimuuma, husema, "Nina homa." Lakini, ndugu wasomaji, homa ni mlio wa kengele tu, aipigaye hatujamwona. Malaria huipiga, na kijidudu kinacholetwa na papasi huipiga vivyo hivyo.

Papasi wazee wetu walimjua tangu zamani. Hukaa katika nyufa za kuta na sakafu za udongo, hutoka usiku akamnyonya aliyelala, kisha hurudi mafichoni kabla ya alfajiri. Wasichokuwa na chombo cha kukionea ni kile anachokiacha katika damu. Mwaka 1904, huko Uganda, madaktari Ross na Milne walikiona kwa hadubini katika damu ya wagonjwa: uzi mwembamba uliojisokota. Wakati huohuo Dutton na Todd waliichunguza homa hiyo katika Kongo ya mashariki. Ikampata Dutton mwenyewe, akafa Kasongo mwezi Februari 1905, naye ana miaka 30.

Je, kijidudu hicho kilikuwa kipya? Obermeier wa Berlin alikwisha kuona uzi kama huo mwaka 1868, katika damu ya wagonjwa wa homa iletwayo na chawa. Kwa macho vilifanana kama pacha. Mwaka 1906 Novy na Knapp wa Marekani walihukumu kwamba ni viwili mbalimbali, wakakipa kile cha papasi jina la marehemu Dutton. Leo huitwa Borrelia duttonii. Hata hivyo, mwaka 2008 wataalamu waliosoma maandiko ya urithi ya vyote viwili waliona kwamba kile cha chawa ni kama tawi la kile cha papasi, lililopukutika baadhi ya majani yake. Ndivyo elimu ya kweli ilivyo: haioni haya kuifungua upya daftari yake.

Mkulima atauliza: majina hayo yanamfaa nini? Yanamfaa uhai. Dawa ya malaria haikiui kijidudu hiki. Homa hutulia siku chache, ikarudi tena. Na mama mjamzito aweza kuharibikiwa na mimba au kumzika mtoto mchanga. Kumbe tetrasaiklini au penisilini hukimaliza, mradi kitambuliwe. Kipimo cha haraka cha malaria hakikioni. Fundi wa maabara mwenye hadubini na tone la damu hukiona.

Basi tudai hadubini, na fundi wa kuitumia, katika zahanati zetu, wala tusikimbie sindano ya kutolewa damu. Na nyumbani tusawazishe sakafu kwa saruji kila tuwezapo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika habari ya papasi, asiyeziba ufa huenda akachimba kaburi.