Kigali: Marafiki wa mbali, mlango wa jirani

Ukivuka daraja la Rusumo kutoka upande wa Ngara, jambo la kwanza unalotakiwa kufanya ni kubadilisha mkono. Sisi Tanzania tunaendesha kushoto, Rwanda wanaendesha kulia. Dereva aliyenipa lifti ya lori kutoka Benako Januari mwaka huu wa 2026, mzee wa Singida ambaye njia hii ameipita kwa zaidi ya miaka 10, alihamia upande wa pili bila hata kukatisha hadithi aliyokuwa akinisimulia. Mimi ndiye niliyeshika kiti kwa mikono miwili.

"Usiogope, mwandishi," aliniambia huku akicheka. "Hapa ukisahau upande, anayekuja mbele atakukumbusha."

Mzigo wake ulikuwa vigae. Wangu ulikuwa swali. Nilitaka kujua nchi yenye kilometa za mraba 26,338, ambazo zinaingia zaidi ya mara mbili katika mkoa wetu wa Tabora, isiyo na bahari wala reli, inaogopa nini na inatafuta nini inapozungumza na dunia. Kwa miaka mingi nimesoma hotuba za wakubwa wa Kigali kuhusu usalama, biashara na heshima ya nchi yao. Safari hii niliona heri nianzie barabarani, kwa sababu siasa ya nje ya Rwanda, kabla haijafika New York au Paris, hupita hapa Rusumo.

Sehemu kubwa ya mizigo ya Rwanda hupitia bandari ya Dar es Salaam, umbali wa takriban kilometa 1,500 hadi Kigali. Njia ya pili ni ya Mombasa, takriban kilometa 1,700, nayo inakatiza Kenya na Uganda. Basi, ni milango miwili tu, na funguo zote wanazo wengine.

Wanyarwanda wamejifunza hilo kwa machungu. Januari 2008, Wakenya walipokuwa wakipigana baada ya uchaguzi na vijana wakang'oa reli ya kwenda Uganda pale Kibera, mafuta yaliadimika hadi Kampala na Kigali. Mtu wa Nyamirambo hakupiga kura Kenya, lakini kituo cha mafuta kilimhusisha. Februari 2019 mpaka wa Gatuna ulifungwa kwa ugomvi wa Kigali na Kampala. Rwanda ilidai raia wake wanakamatwa na kuteswa Uganda na kwamba wapinzani wake wanalelewa huko. Uganda nayo ikadai kuna majasusi wa Rwanda ndani ya vyombo vyake. Mpaka ule, mkubwa kuliko yote kati ya nchi hizo mbili, ulifunguliwa Januari 31, 2022. Hesabu mwenyewe, msomaji: karibu miaka mitatu.

Na sisi tumo. Mei 2013, katika mkutano wa Addis Ababa, Rais Jakaya Kikwete alishauri Rwanda ifanye mazungumzo na waasi wa FDLR walioko Kongo. Kwetu lilionekana neno la busara la mzee wa jirani. Kigali walilisikia vingine kabisa, kwa kuwa ndani ya FDLR wamo watu wanaotuhumiwa kwa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Maneno makali yakarushwa. Mwaka huo huo operesheni ya wahamiaji haramu ikawatoa maelfu ya watu mkoani Kagera kuelekea Rwanda, na Rwanda ikapandisha ushuru wa barabara kwa malori ya Tanzania kutoka dola 152 hadi dola 500.

Mzee wangu wa Singida anaukumbuka mwaka ule vizuri. "Wakubwa walitukanana kwenye redio," alisema, "sisi tukalipia mpakani."

Mambo yalipoa baadaye. Rais John Magufuli alipotoka nje ya nchi kwa mara ya kwanza akiwa rais, Aprili 2016, alikuja huku huku. Yeye na Rais Paul Kagame walizindua daraja jipya la Rusumo na kituo cha pamoja cha mpakani, vilivyojengwa kwa msaada wa Japani. Jirani na daraja yapo maporomoko, ambako siku hizi unazalishwa umeme wa megawati 80 unaogawanywa sawa kwa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Burundi iliufunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024 kwa madai kwamba Kigali inawafadhili waasi wa RED-Tabara, madai ambayo Kigali imeyakanusha. Maji ya Kagera hayakuulizwa.

Lakini reli ya Isaka hadi Kigali, ambayo marais wetu walikubaliana kuijenga Januari 2018, hadi naandika makala haya haijafika. Ndiyo maana mzee wangu bado ana kazi.

Tuliingia Kigali jioni. Kesho yake nilikwenda Biryogo, mtaa wa Waswahili wa mji huu, ambako unaweza kukaa kutwa nzima bila kuhitaji mkalimani. Kwenye mkahawa wa chai ya tangawizi na chapati nilikutanishwa na mzee mmoja mstaafu wa serikali, ambaye aliomba nisimtaje jina. Nilianza kumweleza habari zangu za bandari na ushuru. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema:

"Mwanangu, wewe unaona barabara. Sisi tunaona nani alikuja na nani hakuja."

Nilimwelewa. Mwaka 1994 Rwanda ilikuwa na kiti katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Ndiyo, wakati watu wanachinjwa, serikali iliyokuwa ikiongoza mauaji ilikuwa na mjumbe mezani New York, anasikiliza, anapiga kura. Ubelgiji, mkoloni wa zamani, iliondoa askari wake baada ya kumi kati yao kuuawa. Aprili 21 Baraza likaamua kupunguza kikosi cha walinda amani kutoka takriban askari 2,500 hadi 270. Mwishoni mwa mwezi ule watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi kuingia Ngara, na chini yao mto ukibeba maiti. Wazee wa Ngara hawahitaji kuhadithiwa.

Aliyeyapitia hayo hawezi kuwa na imani ya bure na ahadi za kimataifa. Mzee aliniambia kwamba wao walijiwekea kanuni ya kutomngoja mtu. Nadhani hapo ndipo ulipo ufunguo wa mambo mengi ya Kigali, mema na mabaya.

Mfano ni jeshi. Agosti 2004 askari 154 wa Rwanda walikuwa wa kwanza kutua Darfur kulinda ujumbe wa Umoja wa Afrika. Tangu hapo Rwanda imekuwa miongoni mwa nchi zinazotoa walinda amani wengi kuliko nyingine duniani. Desemba 2020 ilipeleka askari Jamhuri ya Afrika ya Kati kwa makubaliano ya nchi mbili tu. Julai 2021 ikapeleka askari na polisi 1,000 Cabo Delgado, Msumbiji, na mwezi uliofuata mji wa Mocímboa da Praia ukakombolewa. Wasomaji wa Mtwara wanajua maana yake. Oktoba 2020 wapiganaji kutoka ng'ambo ya Ruvuma walikivamia kijiji cha Kitaya na kuua watu.

Hata hivyo, huduma hiyo pia ni silaha ya mazungumzo. Mwaka 2010, rasimu ya ripoti ya Umoja wa Mataifa ilipovuja ikilituhumu jeshi la Rwanda kwa mauaji ya raia huko Kongo katika miaka ya 1990, Kigali ilitishia kuwaondoa askari wake Sudan. Katibu Mkuu Ban Ki-moon akapanda ndege kuja Kigali. Nchi ngapi za ukubwa huu zinaweza kumwita Katibu Mkuu kwa namna hiyo?

Huo ndio ufundi wao. Rwanda hutafuta tatizo linalomsumbua mkubwa, kisha hujitokeza kama mtu wa kulitatua. Gesi ya Msumbiji ina mwekezaji Mfaransa, na Umoja wa Ulaya ukatoa yuro milioni 20 mwaka 2022 na nyingine 20 mwaka 2024 kwa ajili ya kikosi cha Rwanda. Uingereza ilipotaka pa kuwapeleka wahamiaji wanaovuka bahari kwa mashua, Kigali ikatia saini Aprili 2022 na kupokea pauni milioni 290. Mahakama zikauzuia mpango, serikali mpya ya London ikauzika Julai 2024, na waliokwenda ni wanne tu, tena kwa hiari yao. Sijawahi kusikia biashara ya namna hiyo.

Kuna lugha pia. Kifaransa kilikuwa cha shule hadi 2008, kikawekwa kando, Kiingereza kikachukua nafasi, wakati uhusiano na Ufaransa ukiwa umevunjika tangu Novemba 2006 kwa sababu ya hati za jaji Jean-Louis Bruguière. Novemba 2009 Rwanda ikapokewa Jumuiya ya Madola ingawa haikuwahi kutawaliwa na Mwingereza, na mwezi huo huo ikapatana na Paris. Mwaka 2018 waziri wake wa zamani wa mambo ya nje, Louise Mushikiwabo, akachaguliwa kuongoza jumuiya ya nchi zinazozungumza Kifaransa. Mwenzangu mmoja wa chumba cha habari huita hiyo kula na huku na huku. Kiswahili nacho kilifanywa lugha rasmi mwaka 2017. Mzee wa Biryogo alicheka nilipokitaja. Alisema alipokuwa kijana, anayezungumza Kiswahili alionekana mtu wa mjini asiyeaminika. Sasa wajukuu wake wanafundishwa shuleni.

Basi nchi imejaa marafiki. Kwa nini, basi, mazungumzo yetu yote yaliishia Kongo?

Kigali inasema FDLR bado wapo ng'ambo, wanashirikiana na jeshi la Kinshasa, na Watutsi wa Kongo wanawindwa. Siyo maneno matupu, FDLR wapo. Lakini wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti mwaka 2024 kwamba askari 3,000 hadi 4,000 wa Rwanda wako upande wa waasi wa M23. Rwanda hukanusha kuwaunga mkono M23 na husema imechukua hatua za kujilinda. Mwishoni mwa Januari 2025 M23 wakaingia Goma, Februari wakachukua Bukavu. Askari wa Tanzania waliokuwa kule chini ya SADC walikuwa kati ya waliopoteza maisha. Februari 8 wakuu wa Afrika Mashariki na SADC walikutana Dar es Salaam kutaka mapigano yasimame.

Hapo ndipo marafiki wa mbali walipoanza kutazama saa zao. Februari 20 Marekani ilimwekea vikwazo Jenerali James Kabarebe, waziri ambaye wizara yake, angalieni jambo hili, ilihusika na ushirikiano wa kikanda. Uingereza ikasitisha sehemu ya misaada. Machi 17 Umoja wa Ulaya ukaweka vikwazo, na siku hiyo hiyo Rwanda ikavunja uhusiano na Ubelgiji. Juni 27 mawaziri wa Rwanda na Kongo walitia saini mkataba wa amani Washington. Desemba 4, 2025 marais Kagame na Tshisekedi wakauthibitisha mbele ya Rais Donald Trump. Haikupita hata wiki moja, M23 wakaingia Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, ng'ambo ya pili kutoka Bujumbura.

Nilimuuliza mzee kama kanuni ya kutomngoja mtu inaruhusu pia kuingia nyumbani kwa mtu. Alikoroga chai yake muda mrefu. "Mwenye nyumba akimficha aliyemuua mama yako?" alijibu. Nikamwambia watoto wa Goma nao wana mama zao. Hakunijibu, wala hakukasirika. Aliniagizia chapati nyingine.

Mimi naamini hofu ya Rwanda ni ya kweli, na pia naamini imegeuzwa kuwa kibali kisicho na tarehe ya mwisho. Mkataba wa Washington unaweza kuleta wawekezaji wa madini. Hauwezi kuihamisha Rwanda pale ilipo, kati ya Kongo, Uganda, Burundi na sisi. Kikosi cha SADC kilipoondoka Goma, kuanzia mwishoni mwa Aprili 2025, kilipita wapi? Kilipita ndani ya Rwanda, barabara hii hii, hadi Rusumo na kuingia Tanzania. Hapakuwa na njia nyingine.

Siku ya tatu nilimkuta mzee wangu wa Singida kwenye maegesho, vigae vimeshashushwa. Kwa kawaida hurudi tupu, maana Rwanda huagiza vingi kuliko inavyouza. Safari hii tajiri yake alikuwa amepigia simu kumwambia upo mzigo wa kupeleka Bukavu, nauli karibu mara mbili.

"Wewe umekaa na wasomi, mwandishi," aliniambia. "Niende, nisiende?"

Nilimwambia angoje kidogo, tuone mambo ya Uvira yanakwendaje. Akatazama lango la maegesho, akasema kungoja nako kunalipiwa, tena kwa siku.

Tulipoagana alikuwa hajampigia tajiri.