Neno la Fundi juu ya Uimara wa Magari

Mtu anayenuia kununua motokaa huku kwetu Kasongo, iwe ni ya kuchukulia abiria mpaka Kabambare au ya kubebea mchele na mawese, aghalabu humwendea fundi kabla ya kumwendea mwenye gari, akamwuliza neno moja tu: gari gani halina matata? Naye fundi hujibu pasi na kusita, na jibu lake huenea mjini hata likawa hukumu isiyokatiwa rufani. Mimi niliyeshika spana miaka mingi, na sasa nawafundisha vijana kazi hii, silidharau jibu hilo. Nataka tu tulipime, tujue lina uzito gani na linaishia wapi, kwa maana fedha inayotolewa kwa kulitegemea mara nyingi ni akiba ya jamaa nzima.

Fundi ni kama tabibu: wazima hawaoni, huwaona walioletwa kwake wakiugua. Tuseme mjini pana Toyota 20 na magari 2 ya aina nyingine, na mwezi huu zimeletwa garajini Toyota 5, na yale 2 yameletwa yote. Fundi atakumbuka kwamba alilala chini ya Toyota mara 5 na chini ya yale mengine mara 2 tu, ilhali hesabu ya haki yasema kwamba katika Toyota 4 iliharibika 1, na katika yale mengine halikusalimika hata moja. Kwa sababu hiyo ADAC, chama cha wenye motokaa cha Ujerumani kilichoasisiwa mwaka 1903, kinapotangaza kila mwaka ni magari gani yaliyokwama njiani, hakitaji idadi ya yaliyokwama peke yake, bali huilinganisha na kila magari 1,000 ya aina hiyo yaliyoandikishwa. Sisi hatuna hesabu ya namna hiyo; tunategemea kumbukumbu ya fundi, na kumbukumbu huhifadhi kazi iliyomtesa kuliko ile aliyoimaliza kabla ya adhuhuri.

Tena liko jambo la matunzo. Land Cruiser ya shirika la misaada hubadilishwa oili kwa tarehe na huendeshwa na dereva anayeogopa kufutwa kazi. Ndugu yake wa toleo lile lile, mikononi mwa mchuuzi, hupakiwa magunia mpaka resori zikalala. Sifa za la kwanza na lawama za la pili huandikwa zote kwa jina la kiwanda, na hiyo si insafu.

Walakini lipo fungu ambalo fundi wetu analijua kuliko chama chochote cha Ulaya, nalo ni hili: gari likiisha kufa, laweza kufufuliwa wapi, na kwa zana gani. Huko Ujerumani gari lililokwama hufuatwa na fundi wa chama, au likakokotwa mpaka garajini. Kati ya Kasongo na Kabambare, katika upande ule ambao misafara ya kina Tippu Tip iliupita kwa miguu ikielekea Ziwa Tanganyika, gari lililokwama wakati wa mvua hubaki hapo hapo mpaka walio nalo walitengeneze.

Zitazame Land Rover za zamani, ambazo Uingereza ilianza kuziunda mwaka 1948. Mafundi wazee watakuambia kwamba zile fito za chuma zilizomo ndani ya ekseli ya nyuma, zinazopeleka nguvu gurudumuni, zilikuwa dhaifu, hata dereva akiachia klachi kwa ghafula hali tope limeshika, fito hukatika. Kwa hesabu ya Ulaya hilo ni kosa kubwa. Lakini mzee huyo huyo atakuambia, bila ya kujipinga, kwamba kwa kosa hilo haikuwa lazima mtu alale porini: kwa kuwa uzito wa gari haukubebwa na fito, gurudumu lilisimama mahali pake, na dereva mwenye spana alifungua bolti za kifuniko cha katikati ya gurudumu, akavuta kipande cha nje, akakivua kile cha ndani kwa waya, akatia gea ya magurudumu manne, akaenda zake kwa nguvu ya magurudumu ya mbele.

Sifa za Land Cruiser ya namba 70, iliyotoka mwaka 1984, zina msingi huo huo. Injini yake inayopendwa zaidi na mafundi, ile ya 1HZ iliyoanza mwaka 1990, ina silinda 6 na ujazo wa lita 4.2, haina turbo, na pampu yake ya mazutu hutawaliwa na chemchemi na vizito, si na kompyuta. Nasi mazutu yetu hufika kwa mapipa na bidoni, yakapita mikononi mwa wengi. Yatie katika chupa nyeupe, uyaache yatulie usiku kucha. Asubuhi utaona chini ya chupa maji yamejitenga, na ndani ya maji hayo vumbi jekundu la njia yetu. Pampu ya zamani huyastahimili kwa muda, na ikikataa, fundi hufungua filta, akamwaga maji, akatoa hewa kwa pampu ya mkono, injini ikawaka. Injini mpya za dizeli huyasukuma mazutu kwa shinikizo linalozidi lile la hewa zaidi ya mara elfu moja, kupitia enjekta zenye nafasi nyembamba kuliko unywele; hizo maji na mchanga huzila upesi, na matengenezo yake yataka mashine ya kupimia ambayo aghalabu haipo karibu. Basi gari ambalo mtu wa Ulaya huliita imara, fundi wetu huliita bovu, na wote wawili wasema kweli.

Hata 1HZ haikosi aibu yake: mkanda wake wa taiming wapasa kubadilishwa takriban kila kilomita 100,000, na ukikatika, vali hugongana na pistoni. Gari lenye mita ya mwendo iliyokufa, na mengi ni hivyo, halimwambii mnunuzi mkanda una umri gani. Fundi anayelisifu gari hilo bila ya kutaja mkanda amesema nusu ya neno.

Kwa hivyo, ewe unayetaka kununua, usimwulize fundi gari lipi ni zuri. Mwulize ni kifaa gani huharibika kwanza. Hufunguliwa kwa zana gani. Na kipya chake hutoka wapi, sokoni hapa, ama Bukavu, ama kwa reli mpaka Samba ng'ambo ya Lualaba, na husubiriwa siku ngapi. Na ninyi mafundi wa Kasongo na Kabambare, nawaomba kila garaji iweke daftari moja, iandike tarehe, aina ya gari, kilomita zake zikijulikana, na kifaa kilichovunjika. Na kila mwaka tuhesabu pamoja magari yote ya mji, mazima na mabovu, ili tupate kuigawanya hesabu hiyo kwa haki.