Kidonge na hewa ya mvua: kwa nini kiwanda cha dawa kinapigana na unyevu

Chupa ya aspirini ikifunguliwa wakati wa mvua na kuachwa wazi kwa muda mrefu, inaanza kutoa harufu ya siki. Si uchafu, wala si ujanja wa mwenye kuuza. Maji yaliyo katika hewa yameingia kidogo kidogo ndani ya kidonge na kuvunja dawa katika sehemu mbili: asidi ya salisiliki, inayosumbua tumbo, na asidi ya asetiki, ni kusema ile inayofanya siki iwe siki. Aspirini angalau inatoa alama, pua inajua. Dawa zingine nyingi zinaharibika kimya.

Wakaaji wengi wa mashariki wakishika dawa wanatafuta kwanza tarehe ya mwisho. Ni desturi nzuri. Lakini tarehe ile kiwanda kiliiandika kwa ajili ya kidonge kikavu, kilicho ndani ya pakiti yake, pakiti ikiwa imefungwa. Haisemi kitu juu ya kidonge kilichotolewa kwenye plaketi na kutiwa ndani ya sashe ya plastiki. Kuelewa tofauti hiyo kunaomba kuingia kwanza ndani ya kiwanda, juu kule hewa inapimwa kwa uangalifu sawa na dawa yenyewe.

Unyevu wa hewa unahesabiwa kwa asilimia. Asilimia 100 ni hewa iliyoshiba maji, haiwezi kubeba tena, na hapo umande unaanza kuonekana. Hewa ya moto inabeba maji mengi kuliko hewa ya baridi: kwa digrii 30, mita kibe moja inaweza kubeba karibu gramu 30 za maji, kwa digrii 20, karibu gramu 17, kwa digrii 10, karibu 9 tu. Ndiyo sababu chupa ya soda ikitoka kwenye frigo inatoa jasho. Jasho lile halitoki ndani ya chupa. Ni hewa iliyogusa chupa, ikapoa, ikaangusha maji yake.

Tuseme chumba cha kutengenezea vidonge kina mita 5 kwa 7, na urefu wa mita 3. Siku ya mvua, hewa ikiwa digrii 25 na unyevu wa asilimia 80, ndani ya chumba hicho kuko karibu litri 2 za maji yanayoelea bila mtu kuyaona. Kama dawa inayotengenezwa ni ile inayochemka ndani ya gilasi, sawa vitamini C ya kuyeyusha, unyevu unapashwa kushuka mpaka asilimia 25 hivi. Ni kusema hewa ya chumba kizima ibakie na maji kidogo tu kupita nusu litri. Na kazi haiishi hapo. Kila mlango ukifunguliwa, maji yanarudi. Kila mfanyakazi anayepumua na kutoa jasho anaongeza yake, zaidi ya gramu 100 kwa saa. Ndiyo maana viwanda hivyo vina milango miwili miwili: wa pili haufunguki kabla wa kwanza haujafungwa.

Kiajabu ni kwamba kidonge chenyewe kinazaliwa na maji. Unga wa dawa mara nyingi hauteremki vizuri ndani ya mashine. Unashikana, ao unapita bila kipimo, kidonge kimoja kinapata dawa nyingi na kingine kidogo. Kwa hiyo wanaulowesha na uji mwepesi wa wanga ao gundi nyingine, mpaka unakuwa chembechembe kama sukari. Kisha chembe zile zinakaushwa: hewa ya moto inapulizwa kutoka chini na chembe zinarukaruka ndani ya mashine sawa maji yanayochemka.

Hapa kuko kazi ambayo mtu aliyekausha muhogo ao kahawa ataielewa haraka: kujua wakati wa kusimamisha. Fundi anachukua gramu chache, anapima uzito, anapasha moto, mara nyingi kwa digrii 105, kisha anapima tena. Uzito uliopotea ndiyo maji. Kwa dawa nyingi wanatafuta yabakie asilimia 1 mpaka 3. Yakizidi, chembe zinagandamana kwenye chuma cha mashine na kidonge kinatoka na uso uliochunika. Yakipungua sana, shida inageuka: chembe hazishikani tena, kidonge kinatoka kizuri lakini kinapasuka juu kama mfuniko unaofunguka. Unga mkavu kupita kiasi unajaa pia umeme mdogo unaoufanya ushikamane na kila kitu. Na vile vidonge vya vifuko vya jelatini, vya rangi mbili, vikikauka sana vinavunjika sawa ganda la yai. Vikilowa vinalegea na kushikana. Kwa hiyo kiwanda hakitafuti ukavu tu. Kinatafuta kipimo, na kipimo hicho kinabadilika kwa kila dawa.

Hewa inakaushwaje? Njia ya kwanza ni ya chupa ya soda: hewa inapitishwa kwenye mabomba ya baridi, inaangusha maji, kisha inapashwa moto kidogo kabla ya kuingia chumbani. Njia hiyo inatosha kwa vidonge vya kawaida. Lakini kwa kushuka chini ya asilimia 30, mabomba yangepashwa kuwa baridi mpaka barafu igande juu yake na kuziba njia. Pale wanatumia gurudumu kubwa lililojaa silika, ndugu ya zile punje zinazowekwa ndani ya kasha la viatu vipya. Gurudumu linazunguka polepole sana. Upande mmoja unanyonya maji ya hewa inayokwenda chumbani, upande mwingine unapulizwa hewa ya moto sana ili silika ikauke na kuanza tena. Dawa kama amoksisilini iliyochanganywa na klavulanati inahitaji mashine ya namna hiyo, juu klavulanati inanyonya maji haraka na kuharibika haraka.

Kupoza hewa, kuipasha tena moto, kukausha gurudumu, yote hiyo inakula umeme usiku na mchana. Watu wanaouliza kwa nini dawa nyingi zinazouzwa Goma, Bunia ao Kindu zinatoka India ao Ulaya wanataja barabara, kodi, vita. Ni kweli. Lakini umeme wa kukausha hewa pia ni sehemu ya jibu, na unasahauliwa. Bukavu si mgeni katika kazi hii: Pharmakina imetengeneza pale kwa miaka mingi kwinini kutoka kwa maganda ya mti wa kinkina, ndani ya mji ambao mvua inaanza mwezi wa 9 na kuendelea mpaka mwezi wa 5. Kiwanda katika mahali kama hapo hakiwezi kungoja jua kama mkulima anavyongoja.

Kidonge kikishatoka kwenye mashine, vita inahamia kwenye pakiti. Plaketi ya plastiki nyeupe inayoonyesha kidonge ndani inapitisha mvuke kidogo, hata kama haina tundu. Plastiki ya aina moja ikipakwa tabaka ya pili inapitisha kidogo zaidi. Plaketi ya aluminiyamu pande zote mbili, ile ambayo haiwezekani kuona kidonge, haipitishi karibu kitu. Ni ya bei kali, na kiwanda hakiichagui kwa kupendeza. Ukiona dawa imefungwa hivyo, ujue mwenye kuitengeneza anaogopa hewa.

Kabla ya kuandika tarehe, kiwanda kinafungia pakiti ndani ya makabati ya moto na unyevu na kungoja. Kwa nchi za joto na unyevu mwingi zaidi, kipimo kinachotambuliwa na OMS ni digrii 30 na unyevu wa asilimia 75, kwa muda wote ambao dawa itakaa sokoni. Kuko pia jaribio la haraka: digrii 40, asilimia 75, miezi 6. Asilimia 75 hiyo kila mama wa jikoni ameiona bila kujua jina lake, juu ndiyo kipimo ambapo chumvi ya kawaida inaanza kulowa yenyewe. Maabara ndogo inaweza hata kutumia chumvi iliyoyeyushwa mpaka maji yakashiba, ndani ya sanduku lililofungwa, ili hewa ya ndani ibakie kwenye 75. Ni kusema chumvi ikilia maji nyumbani, hewa ya nyumba imepita kipimo kikali ambacho dawa zinajaribiwa nacho. Na zinajaribiwa ndani ya pakiti, si nje.

Mfano unaofaa kukumbukwa ni wa karbamazepini, dawa ya kifafa iliyo kwenye orodha ya OMS ya dawa za lazima. Huko Marekani kulitokea wagonjwa waliokuwa wametulia, kisha kifafa kikarudi hata kama walikuwa wakimeza dawa yao. Mwaka 1990, FDA, ofisi ya serikali inayosimamia dawa kule, ilionya kwamba vidonge vya karbamazepini vikiwekwa mahali penye unyevu vinaweza kupoteza mpaka theluthi moja ya nguvu yake. Dawa ilikuwa haijaoza. Ilikuwa imenyonya maji, chembe zake zikabadilika umbo, kidonge kikawa kigumu sawa jiwe dogo. Mtu angepima dawa iliyo ndani angeikuta yote. Lakini tumboni haikuyeyuka vizuri, na mwili haukupata kiasi chake.

Hapo ndipo jambo linagusa nyumba za huku. Kila kidonge kinachopashwa kuvunjika tumboni kimetiwa kwa makusudi kitu kinachopenda maji, mara nyingi wanga ao unga wa aina yake, ambao unavimba na kukipasua. Kidonge cha kawaida kisichopakwa kitu juu kinapewa dakika 15 kuvunjika ndani ya maji. Kile cha kuyeyusha kwa watoto, dakika 3. Hewa ya mvua inaamsha kitu kile mapema. Kinavimba kidogo, kinachoka, na siku ya kumezwa hakina tena nguvu ya kupasua.

Farmasi nyingi zinauza kwa kuhesabu: muuzaji anafungua boksi la vidonge 1000, anamwaga kwenye sashe, anaandika dozi kwa biki. Kwa dawa ya siku 3 hasara ni ndogo. Kwa dawa ya kifafa inayokaa nyumbani mwezi mzima, karibu na jiko ao chini ya mabati yanayotoa umande asubuhi, hesabu ni nyingine. Afadhali plaketi ikatwe na mkasi katikati ya kidonge na kidonge, bila kutoboa, na jina pamoja na tarehe viandikwe kwenye kipande. Boksi kubwa lifungwe kila mara, na mfuko mdogo wa silika ubakie ndani. Haukuliwi, lakini haukutiwa pale kwa kujaza nafasi.

Na mgonjwa ambaye kifafa kimerudia asiache dawa ghafla, juu kuacha kunaweza kuleta hali mbaya zaidi. Arudi kwa muganga na vidonge vyake mkononi, ndani ya kile alichoviweka, ili kabla ya kupandisha dozi muganga aulize vilikuwa vimelala wapi.