Nani aliyeleta ugonjwa huu? Maelezo juu ya damu ya SS

Kuna swali ambalo kila padri wa Kongo ataulizwa, kama si katika mwaka wa kwanza wa upadri wake, basi katika ule wa pili. Mtoto amelala lopitali, mikono na miguu imevimba, macho ni manjano, analia kwa maumivu ya mifupa. Dada yake alikufa zamani namna hiyohiyo. Mganga amesema ni SS. Huko nje jamaa ya baba na jamaa ya mama wamekaa chini ya mwembe, na pale hapana mtu anayeuliza ugonjwa huu ni kitu gani. Wanauliza: nani aliyeuleta? Mara nyingi jibu liko tayari mbele ya swali. Ni mama, kwani katika ukoo wake watoto hufa ovyo. Au ni bibi yake, mlozi. Au ni mtoto mwenyewe, anayekula damu yake na ya ndugu zake usiku. Kisha mama anarudishwa kwa wazazi, mali ya ndoa inadaiwa, na mtoto, kama anapona, anaweza kufukuzwa nyumbani.

Hapo wanamwita padri. Akisema tu kwamba kusingizia watu ulozi ni dhambi, amesema kweli, lakini swali hakulijibu. Watu watasema "Ndiyo, Padri", na jioni watakutana tena pasipo yeye. Maana wanajua jambo moja kwa macho yao, nalo si uongo: ugonjwa huu unafuata jamaa. Unaingia nyumba hii na kuiacha ile, unachagua mtoto huyu na kumwacha yule. Atakayetaka kuwaondolea ulozi kichwani sharti aweze kueleza uchaguzi huo unafanyika namna gani. Elimu ya urithi inaueleza, tena kwa hesabu ambayo katekista yeyote anaweza kuifuata.

Elimu hiyo ilianza katika bustani ya watawa. Johann Mendel, mtoto wa wakulima, alizaliwa mwaka 1822 kijijini Heinzendorf, katika Silesia. Mwaka 1843 aliingia monasteri ya Waagostino ya Mtakatifu Tomas mjini Brünn (leo Brno, nchi ya Ucheki), akapewa jina la Gregor, na mwaka 1847 akapata upadri. Kazi ya parokia haikumfaa hata kidogo. Kila alipokaribia kitanda cha mgonjwa alishikwa na hofu na huzuni, mpaka akaugua mwenyewe. Abati wake, Cyril Napp, hakumkaripia wala hakumwambia ajikaze. Mwaka 1849 alimtoa pale akampeleka kufundisha shule, na baadaye akamtuma chuo kikuu cha Vienna. (Wakubwa wanaofikiri kwamba kila padri sharti aweze kazi zote wangefanya vema kumkumbuka abati huyo.)

Kuanzia 1856 mpaka 1863 Mendel alilima njegere, mimea ya Ulaya iliyo jamaa moja na kunde zetu. Alipandisha aina yenye mbegu za mviringo na aina yenye mbegu za makunyanzi. Watoto wote walikuwa wa mviringo. Makunyanzi yalionekana kama yamekufa. Kisha akapanda mbegu za watoto hao, ikaota mimea 253, naye akahesabu mbegu zake moja moja: za mviringo 5474, za makunyanzi 1850. Karibu tatu kwa moja. Makunyanzi hayakuwa yamekufa, yalijificha tu.

Akaeleza hivi. Kila mmea una vyanzo viwili kwa kila hali, kimoja cha baba na kimoja cha mama. Ukizaa, unatoa kimoja tu, na kipi kitoke ni kama kupiga kura. Leo vyanzo hivyo tunaviita jeni. Alisoma maneno yake mbele ya wanachuoni wa Brünn mwaka 1865, yakapigwa chapa mwaka 1866, na karibu hapana aliyeyafahamu. Alikufa mwaka 1884 akiwa abati. Ni mwaka 1900 tu wengine, kama de Vries wa Uholanzi na Correns wa Ujerumani, walipofika penye sheria zilezile na kuona kwamba mtawa alikuwa amewatangulia.

Katika maandiko yake kuna hesabu ndogo ambayo mimi naiona kuwa ya thamani kuliko ile kubwa. Mendel hakuficha kwamba mmea mmoja mmoja haukutii ile tatu kwa moja. Mmoja ulikuwa na mbegu 43 za mviringo na 2 tu za makunyanzi. Mwingine 14 na 15. Sheria ilionekana katika maelfu, haikuonekana katika kila nyumba. Mshike neno hili, tutalihitaji punde.

Tuje kwa damu. Ndani ya globuli nyekundu mna hemoglobini, inayochukua hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini mote. Watu wengi wana hemoglobini A. Kuna nyingine, S. Aliyepokea A kwa baba na A kwa mama ni AA. Aliyepokea A upande mmoja na S upande mwingine ni AS: anabeba, lakini si mgonjwa, analima, anazaa, anazeeka kama wengine. Aliyepokea S pande zote mbili ni SS. Globuli zake, zikiishiwa hewa, zinajikunja kama mundu, zinakwama katika mishipa midogo, na hayo ndiyo maumivu ya mifupa. Tena globuli ya kawaida inaishi siku 120 hivi, na hizi siku 10 au 20 tu. Ndiyo sababu damu inapunguka na macho yanakuwa manjano. Hapana anayekula damu ya mtoto. Inavunjika yenyewe mbele ya wakati wake.

Kujua hayo kulichukua miaka. Mwaka 1910 mganga Herrick wa Chicago aliandika juu ya globuli za namna hiyo katika damu ya mwanafunzi mmoja kutoka kisiwa cha Grenada. Mwaka 1949 Neel alionyesha kwamba wazazi wa mgonjwa wote wawili wanabeba, na mwaka uleule Pauling na wenzake waliona, kwa nguvu ya umeme, kwamba hemoglobini yenyewe ni tofauti. Katika miaka ya 1956 na 1957 Ingram alipata kosa lenyewe: katika mnyororo wa matofali 146, moja tu, la sita, limebadilishwa.

Basi nani aliyeleta? Wote wawili, sawasawa. S moja ya mama haitoshi kumfanya mtoto awe SS. Ilibidi ikutane na S ya baba. Mume anayemfukuza mke wake kwa sababu ya mtoto wa SS anafukuza nusu ya sababu, na nusu nyingine inabaki nyumbani katika mwili wake mwenyewe. Jambo hili nimeona linafahamika upesi kuliko mahubiri marefu, hata kwa wazee wagumu, kwani kwetu pia mtoto ni wa pande mbili.

Lakini kuna kosa linalokuja nyuma ya ufahamu huo, nalo linatuharibia kazi. Mganga anawaambia wazazi wawili wa AS kwamba "mmoja kwa wanne" atakuwa SS. Wao wanasikia kwamba wakiisha kupata mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata watakuwa wazima. Sivyo. Kura inapigwa upya kwa kila mimba, na haikumbuki kura ya jana. Kila mara ni robo kwa SS, nusu kwa AS, robo kwa AA. Chukueni nyumba 100 za wazazi wa namna hiyo, kila moja yenye watoto wanne: karibu 32 hazitakuwa na mgonjwa hata mmoja, na karibu 5 zitakuwa na wagonjwa watatu au wote wanne. Zile 32 zinasema hatuna neno, ukoo wetu ni safi. Zile 5 zinasema tumelogwa. Zote zina damu ileile. Ni ile mimea ya Mendel, 43 kwa 2 na 14 kwa 15.

Fratri mwenye akili atauliza: zamani watoto wa SS walikufa karibu wote wakiwa wadogo, kila mmoja akizikwa na S zake mbili. Kwa nini S haikwisha zamani za wankambo? Katika kazi iliyofanyika Kinshasa na kuchapishwa mwaka 2009, damu ya watoto wachanga 31 204 ilipimwa: karibu 17 kwa 100 walikuwa AS, na zaidi ya 1 kwa 100 SS. Kitu kinachokufa namna hii hakibaki kingi hivyo pasipo sababu. Wengine walidhani labda S mpya zinazaliwa kila mara zenyewe. Vandepitte na wenzake, akiwamo yule Neel, walipima mama za watoto wagonjwa hapa Kongo, na mwaka 1955 wakaonyesha kwamba karibu wote walikuwa wabebaji. Basi S mpya haziwezi kutosha kueleza jambo hili.

Sababu ni malaria. Allison, aliyekulia Kenya, aliona kwamba wabebaji ni wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, na wachache sana katika nyanda za juu zenye baridi na mbu haba. Mwaka 1954 alitoa maelezo yake: mtoto wa AS anakingwa kwa sehemu kubwa na malaria kali inayoua. Mwaka 1958 Livingstone, mwanachuoni wa Marekani, aliongeza habari ya mashamba. Msitu mzito hauna madimbwi mengi yenye jua. Watu walipokata miti na kulima, maji yalisimama juani, mbu wa malaria akapata makao yake karibu na nyumba, malaria ikakaza, na wenye AS wakapona kuliko wengine. Hivyo S ni alama ya njia waliyopita wankambo wetu, wakulima wa msitu na mito. Katika damu ya AS hapana aibu. Lakini mtu asikosee hapa pia: mtoto wa SS hana kinga hiyo, na malaria inamwua upesi, ndiyo maana sharti alale ndani ya chandarua.

Sasa ndoa. Kuna parokia ambako wachumba wanaombwa karatasi ya damu, na nimesikia mapadri wakisema: AS na AS, siwafungishi. Neno hili halikubaliki. Kanuni 1058 ya Sheria ya Eklezya ya mwaka 1983 inaruhusu ndoa kwa wote wasiokatazwa na sheria. Vipingamizi vimetajwa, na damu haimo. Tena kanuni 1075 inaweka kuanzisha vipingamizi mkononi mwa mamlaka kuu ya Eklezya peke yake. Papa Pius XI, katika barua Casti Connubii ya mwaka 1930, alikataa kwamba watu wafaao kwa ndoa wazuiwe kwa hofu ya urithi wa watoto wao. Papa Pius XII, akisema na wanachuoni wa elimu ya urithi tarehe 7 Septemba 1953, alikubali kwamba kuwaonya ni halali, na mara nyingi ni wajibu, lakini akatenga wazi kushauri na kukataza.

Basi tuwaonye, tena mapema, kabla ya mali kutolewa, maana zikibaki wiki mbili za harusi hapana mchumba atakayesikia. Wakiwa 17 kwa 100 wanabeba, karibu ndoa 3 kwa 100 zitakuwa za AS na AS. Hao wakae na mganga na wakae na padri, waambiwe hesabu yote, pamoja na maneno ya leo: kwamba mtoto akijulikana tangu kuzaliwa, akipewa penisilini na chanjo, anaishi, na kwamba dawa ya hidroksiurea ilijaribiwa kwa watoto 606 katika Angola, Kongo, Kenya na Uganda, ambapo Dr Léon Tshilolo wa lopitali ya Monkole, Kinshasa, alikuwa kati ya viongozi wa kazi hiyo. Matokeo yalionyesha maumivu kidogo, malaria kidogo, kuongezewa damu kidogo na vifo vichache. Dawa ya kubadili jeni yenyewe, iliyokubaliwa Uingereza na Marekani mwaka 2023, bei yake inapita dola milioni mbili. Kwa mama zetu ni kama haipo. Kisha wachumba waamue wenyewe. Lakini anayejua hali yake na kumficha mwenziwe ili akubaliwe, ajue kwamba kanuni 1098 inasema juu ya udanganyifu, na ndoa yake yaweza kufika mbele ya tribunali.

Yabaki mambo mawili ya karatasi hiyo. Kipimo cha Emmel kinaonyesha tu kwamba S ipo, hakitengi vizuri AS na SS. Kinachotenga ni elektroforezi, hata kama inadai safari na franka zaidi. Na karatasi ni ya wachumba. Isiandikwe katika kitabu cha ndoa, isisomwe mbele ya wajomba, isilale wazi juu ya meza ya ofisi ya paroko. Baada ya ndoa ni vivyo hivyo, hata zaidi: baba akionekana AA na mtoto wake SS, karatasi imefunua jambo lingine kabisa, na jambo hilo si kazi ya padri kulitangaza.