Mayonezi Juu ya Mkaa

Changu anayeshushwa alfajiri na kupigwa mnada pale sokoni Bagamoyo, jirani na jengo la zamani la forodha, hana kasoro. Kasoro huanzia jikoni. Nyama yake ni nyeupe na mafuta yake ni haba, kwa hiyo akilazwa juu ya mkaa mkali bila kinga, ngozi hung'ang'ania wavu, nyama hukauka, na anayejaribu kumgeuza humvunja vipande. Kibua hana shida hiyo, maana ana mafuta yake mwenyewe ya kumtosha. Changu, chewa na hata kifua cha kuku huhitaji kupakwa kitu.

Watu wa pwani walilimaliza suala hili zamani sana, kwa nazi. Katika nyumba za Kunduchi, Mapinga, Zinga na Kaole, samaki wa kupaka hahitaji kuelezewa. Nazi hukunwa kwenye mbuzi, hukamuliwa tui la kasimile, kisha tui huwekwa kwenye moto mdogo pamoja na kitunguu saumu, pilipili, manjano na ukwaju, likikorogwa bila kuachwa hadi liwe zito la kutosha kushika mwilini mwa samaki. Samaki akishaanza kuiva juu ya mkaa hupakwa, hugeuzwa, hupakwa tena. Ukisogea karibu na jiko utaona jinsi kazi inavyofanyika: tui hutoa mapovu madogo madogo, maji yake hukauka, halafu mafuta ya nazi hujitokeza na kuikaanga ngozi ya samaki palepale alipolala.

Mayonezi hufanya kazi hiyohiyo. Wapishi wengi wa nyumbani bado hawajaijaribu hivyo, kwa kuwa wameizoea kama kitu cha kumwagiwa juu ya chips au kuchanganywa na kabichi na karoti. Ni kitu cha baridi, cha pembeni mwa sahani, na wazo la kukipeleka motoni huonekana kama kuharibu chakula. Lakini anayejua kupika kwa tui tayari anajua nusu ya somo.

Tui na mayonezi vyote ni mafuta yaliyogawanyika kuwa matone madogo mno na kutawanyika ndani ya maji. Mafuta na maji kwa kawaida havikai pamoja, kwa hiyo lazima pawepo mpatanishi. Ndani ya tui, protini za nazi huyazunguka matone na kuyazuia yasiungane. Ndani ya mayonezi kazi hiyo hufanywa na kiini cha yai, chenye lesithini, ambayo upande wake mmoja hushika maji na upande wa pili hushika mafuta. Tofauti kubwa ni kiasi. Sheria za Marekani zinataka mayonezi iwe na mafuta yasiyopungua asilimia 65 ya uzito wake, ilhali tui, hata lile la kwanza, lina maji mengi zaidi. Ndiyo maana tui humiminika na mayonezi husimama kwenye kijiko.

Kuhusu asili ya mayonezi, simulizi maarufu huitaja bandari ya Mahón katika kisiwa cha Menorca, iliyotekwa na Wafaransa mwaka 1756. Wanahistoria hawakubaliani juu ya hilo. Kilicho wazi ni kwamba viwanda ndivyo vilivyoifikisha kwa watu wa kawaida: huko New York, mhamiaji wa Kijerumani Richard Hellmann aliifanya kuwa biashara mwanzoni mwa karne ya 20, na Japani wakaanza kuuza ya kwao, Kewpie, mwaka 1925.

Sasa turudi kwenye mkaa. Mpishi akimpaka kuku mafuta matupu, mengi huteleza na kudondokea kwenye makaa. Moto huruka, moshi mweusi hupanda, na nyama hupata masizi kabla ya kupata rangi. Mayonezi haitelezi namna hiyo. Hukaa ilipopakwa, na joto likipanda maji yake hukauka, mchanganyiko hukatika, na mafuta huachiliwa polepole juu ya nyama. Protini za yai zilizobaki hubadilika rangi na kuwa kahawia ya dhahabu. Mabadiliko hayo, ambayo mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard aliyaeleza mwaka 1912, ndiyo yanayoupa mkate uliookwa na nyama iliyochomwa harufu ya kuita watu, na huenda kasi zaidi joto likifika kama nyuzi 140 za Selsiasi na sehemu ya juu ikiwa imekauka. Na mlaji haonji mayonezi. Anaonja nyama iliyoiva vizuri.

Faida nyingine iko kwenye viungo. Kitunguu saumu kilichotwangwa, tangawizi, pilipili manga na bizari, vikipakwa vikavu, nusu yake huanguka jikoni. Vikichanganywa na mayonezi hushikamana na nyama mpaka mwisho. Kwa nusu kilo ya kifua cha kuku, vijiko vikubwa viwili vinatosha kabisa. Chumvi ipunguzwe kwa sababu mayonezi ya dukani tayari inayo. Ipakwe nyembamba, kiasi kwamba nyama bado inaonekana chini yake. Ikiwa nene itadondoka na kuwasha moto kama mafuta matupu. Makaa yasubiriwe hadi yafunikwe na majivu mepesi, kwani moto wa mwanzo huunguza nje na kuacha ndani kubichi.

Hata hivyo isitegemewe kufanya kila kitu. Mishkaki ya ng'ombe huwa migumu kwa sababu ya nyuzi za nyama, na mayonezi hailainishi nyuzi hizo. Papai bichi hulainisha, kwa kuwa lina papaini, kimeng'enya kinachokata protini. Kwa mishkaki, basi, papai na tangawizi vitangulie, na mayonezi kidogo ipakwe wakati vijiti vinakwenda jikoni.

Mfano mzuri zaidi wa mayonezi motoni katika pwani yetu uko ng'ambo ya bahari, katika bustani ya Forodhani, Mji Mkongwe. Pale wauzaji wa pizza ya Zanzibar hutandaza unga mwembamba, huweka nyama ya kusaga, kitunguu, pilipili hoho, jibini, yai na kijiko cha mayonezi, hukunja pembe nne na kukaanga juu ya chuma cha moto. Mayonezi ndiyo inayofanya nyama ile isiwe kavu ndani ya unga. Mexico nako mahindi ya kuchoma hupakwa mayonezi, kisha hunyunyiziwa jibini, pilipili na ndimu. Muuza mahindi wa barabara ya Bagamoyo anayo tayari ndimu, chumvi na pilipili. Kilichobaki ni kijiko kimoja tu.

Nyumbani matumizi ni mengi. Kipande cha boflo kikipakwa mayonezi upande wa nje badala ya siagi na kuwekwa kwenye kikaango, huiva kwa rangi sawa kila mahali. Viazi vya kuchemsha vilivyopoa, vikichanganywa nayo na kitunguu na ndimu, ni chakula kamili cha mchana wa joto.

Kuitengeneza si kazi ngumu, ila haitaki haraka. Kiini kimoja cha yai, kijiko kidogo cha haradali, kijiko kikubwa cha maji ya ndimu, chumvi kidogo, na kikombe kimoja cha mafuta ya alizeti, yale ya Singida au Dodoma. Kiini na ndimu hupigwa kwanza. Mafuta huingizwa tone baada ya tone huku mkono ukiendelea kupiga, na mchanganyiko ukishashika ndipo yamiminwe kama uzi mwembamba. Yakiingia yote kwa pupa, mayonezi hukatika kama tui lililoachwa bila kukorogwa. Ikikatika isimwagwe: kiini kipya huwekwa kwenye bakuli safi, na ile iliyokatika huingizwa humo kidogo kidogo hadi ishike.

Uzito wake nao usisahauliwe. Kijiko kikubwa kimoja kina takriban kalori 90 hadi 100, karibu zote kutoka kwenye mafuta. Kupaka nyama safu nyembamba ni jambo moja. Kuzamisha sahani nzima ya chips ni jingine, hasa kwa mtu aliyeambiwa na daktari apunguze mafuta.

Hatari kubwa zaidi ni joto la pwani. Yai bichi linaweza kubeba bakteria wa Salmonella, kwa hiyo mayonezi ya nyumbani ikae kwenye friji na iliwe ndani ya siku chache. Viwanda hutumia mayai yaliyouliwa vijidudu kwa joto na siki ya kutosha, lakini chupa ikishafunguliwa nayo yafaa ikae baridi. Na ile iliyochovywa brashi iliyogusa kuku mbichi isirudi mezani kamwe.

Kwa changu mzima, tui la kasimile bado ndilo bora, kwa sababu linampa ladha ambayo mayonezi haina. Kwa kifua cha kuku, kwa mahindi, na kwa siku ambayo hakuna nazi wala muda wa kukuna, mayonezi inastahili nafasi jikoni. Na kwa wauza chips na kuku wa kuchoma, kuanzia Bunju hadi Bagamoyo mjini, lipo ombi moja: chupa ya mayonezi isishinde juani mezani. Iwekwe ndani ya ndoo yenye barafu, kama samaki wanavyowekwa, na itolewe mteja anapoiomba.