Mbegu ya Kiume Kabla ya Kulifikia Yai

Yeyote adhaniye kwamba mbegu ya mwanamume, mara itokapo mwilini, huwa tayari kulirutubisha yai, hakika hajapata habari ya mwaka 1951, ambapo wataalamu wawili, M. C. Chang wa Marekani na Colin Austin wa Australia, kila mmoja pasi na kushirikiana na mwenziwe, walibainisha kwa sungura na panya ya kuwa mbegu haina kudura hiyo mpaka ikae saa kadhaa katika njia ya uzazi ya jike. Humo huondolewa sehemu ya lehemu iliyomo katika utando wake, kalsiamu ikapenya ndani, na mkia uliokuwa ukitikisika taratibu ukaanza kupiga kwa nguvu kama mjeledi.

Katika mamilioni ya mbegu zianzazo safari, ni chache mno zifikazo karibu na yai. Moja huingia, nalo yai hulibadili ganda lake ili nyingine zisipite. Watu husifu mashindano hayo ya mbegu. Mimi nastaajabia zaidi mwili wa mwanamke, unaoiandaa mbegu hiyo. Ilimu ya maandalizi hayo ndiyo iliyomfaa mtaalamu Robert Edwards na wenzake kulitungisha yai nje ya mwili, hata Louise Brown, mtoto wa kwanza wa njia hiyo, akazaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978.